Vitabu vya picha kwa wadogo wetu: visisomwe kama daftari la shule (Lamu, Malindi na jirani)

MamaLangoni

Salaam aleikum jamaa. Kila mtu akiuliza humu kitabu cha mtoto wa miaka 2 au 3, majibu ni yale yale: mnunulie cha irabu, mnunulie cha kuhesabu, aingie PP1, darasa la awali, akiwa moto. Sina ugomvi navyo. Lakini naona tumesahau aina nyingine ya kitabu, kile cha kukaa nacho barazani baada ya alasiri, mtoto mapajani, wakubwa wamezunguka, na kila mmoja ana neno la kutia. Mkikifunga mtoto hajajua herufi mpya hata moja, na hakuna aliyepoteza wakati.

Ninachosema ni hiki: kitabu cha picha ni cha kusimuliwa, si cha kusomeshea. Na msimuliaji bora nyumbani huenda si yule aliyesoma sana.

Kwetu ni mama mkwe wangu. Msahafu anausoma, tenzi za hati ya Kiarabu anazisoma, lakini herufi za Kizungu hakupelekwa kuzisoma. Kitabu cha mjukuu kikifunguliwa yeye hujisogeza kando, eti hayo ni yenu. Akaja mgeni na kitabu kisicho na neno ndani, picha tupu mwanzo mpaka mwisho, nikampa yeye makusudi. Akakifungua kutoka kulia, anavyofungua juzuu, yaani kwa hesabu yetu sisi ameanzia mwisho. Ukurasa aliokutana nao kwanza una kuku juu ya paa, ndoo imepinduka, mzee kavaa kofia nyuma mbele. Hakubabaika. "Haya, kuku huyu ndiye mshtakiwa. Natumuulize alianzia wapi." Akaenda nacho kinyumenyume, ukurasa baada ya ukurasa, kama kadhi anayefuatilia kesi, mpaka akafika mwanzo ambako kuku yumo bandani hajafanya lolote. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Sasa kitabu kile kina hadithi mbili, ya mama na ya bibi, na ya bibi ndiyo inayoombwa.

Halafu kuna ubora wa picha zenyewe. Vitabu vingi vya madukani kwetu, picha inarudia maneno tu. Imeandikwa "Hili ni embe", na juu yake pana embe. Cha namna hiyo ni cha kutajia majina, kina kazi yake, lakini hakisimuliki mara ya pili. Kitabu cha picha kilichotungwa hasa, maneno yanaficha jambo na picha inalifichua. Tuseme maneno yanasema: "Punda alikuwa na adabu siku nzima." Kwenye picha punda anatafuna mkeka wa watu, na mwenye mkeka anakuja mbio, kandambili mkononi. Mkubwa anasoma maneno, mtoto anasoma picha, na mtoto ndiye anayeujua ukweli kabla yako. Utamsikia anakukatiza: "Si kweli mama, muangalie!" Raha ya kumshinda mkubwa ndiyo inayomrudisha kitabuni.

Naomba tuchangie. Mnasoma nini na wadogo, mnavipata wapi, na wazee wenu wanaingiaje? Na tafadhali msiniambie bei za Nairobi, nazijua. Tangu sheria ya kodi ya VAT ya 2013 hata kitabu cha mtoto kinatozwa asilimia 16, ukiongeza na nauli ya kukileta kisiwani ndio basi tena.

Bahari_Shwari

Nimekaa hapa, siondoki.

Mimi niko Mombasa kikazi, mtoto na mamake wako Shela. Tulinunua kitabu kimoja nakala mbili, moja yangu moja yao. Usiku narekodi sauti kwenye WhatsApp, nasoma, nikifika mwisho wa ukurasa nagonga meza mara mbili. Hiyo ndiyo alama ya kugeuza. Siku hizi nikipiga simu ya kawaida tu, hata kabla ya salamu, mtoto ananiambia gonga meza.

La kuongeza: usikimbie. Ukurasa mmoja una mambo mengi kuliko unavyodhani. Mimi nikimaliza maneno naacha kimya kidogo ndio nagonga. Mamake anasema ndani ya kile kimya ndimo mtoto anamoongea sana.

Kadzo_Mld

@Bahari_Shwari Shela ya Lamu au Shella yetu ya Malindi?

Bahari_Shwari

Ya Lamu dada. Ya kwenu ina L mbili.

KahawaTungu

Samahani nitaharibu starehe. Haya mambo ya kitabu bila maneno ni ya watu wenye nafasi. Mwanangu wa kwanza alifika Gredi 1 hajui ba wala bu, nikaitwa shuleni mara si haba. Kwa huyu wa pili sitaki mchezo. Pesa nikiipata inakwenda kwenye kitabu chenye herufi kubwa na mazoezi. Kusimuliwa atasimuliwa na bibi yake bila kitabu, ndivyo tulivyolelewa sote na tukasoma.

Mwl_Barani

Shukran mleta uzi. Nafundisha PP2 hapa Malindi, na kabla sijamjibu ndugu yangu KahawaTungu naomba kwanza nirefushe kidogo, kwa sababu hizi aina mbili alizozitaja MamaLangoni zina historia yake.

Ile ya kutajia majina ni ya zamani sana. Mfano unaotajwa mara nyingi ni kitabu cha Comenius, mwalimu wa Moravia, kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658. Kila picha ina namba, na kila namba ina jina la kitu kwa Kilatini na Kijerumani. Kwa hivyo wale wa "Hili ni embe" wana babu mkubwa. Aina ya pili, ya maneno na picha kugawana kazi, ilishika nguvu karne ya 19 Uingereza, kwa wachoraji kama Randolph Caldecott. Ndiye ambaye jina lake limepewa tuzo ya vitabu vya picha ya Marekani iliyoanza kutolewa 1938.

Sasa chukueni kitabu chochote cha picha mlicho nacho mhesabu kurasa. Vingi vina 32. Sababu yake iko kwenye mashine: karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, na vitabu hufuata mafungu hayo. Ukitoa jina la kitabu na mambo ya mchapishaji, mtungaji anabakiwa na nafasi kumi na kitu za kurasa mbili mbili. Nafasi ni finyu, kwa hivyo kule kugeuza ukurasa nako kumepewa kazi. Mtungaji mzuri anakuacha na swali upande huu na jibu liko nyuma ya karatasi. Bahari_Shwari anapoacha kimya kabla ya kugonga meza, amegusa penyewe.

Kuhusu faida, utafiti unaotajwa sana ni wa Whitehurst na wenzake, Marekani, 1988. Walichukua wazazi wa watoto wa miaka 2 hivi. Wote wanawasomea watoto vitabu vya picha nyumbani, lakini kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana, kuyarefusha majibu ya mtoto, na kumwachia yeye awe msimuliaji. Mwezi mmoja tu. Watoto wa kundi lile wakawapita wenzao kwa kuzungumza. Vitabu vilisomwa pande zote mbili, kilichotofautiana ni mazungumzo.

Kwa vitendo ni hivi. Mtoto anasema "mashua". Usimwambie "vizuri" ukageuza. Mwambie: "Eeh, mashua, na tanga lake limechanika. Watafikaje sasa?" Na maswali ya "hii rangi gani, hizi ngapi" yasizidi mno, yanageuka mtihani. Swali tamu ni "mbona huyu amekasirika?"

Sasa KahawaTungu. Ndugu yangu, mtoto wa kuitiwa mzazi namjua, ninaye darasani. Sikwambii uache kitabu cha herufi. Ila wale wanaonijia wakiwa wamezoea kukaa na kitabu, hata kama ba na bu hawaijui, nawaona: wanajua kitabu kinashikwaje, kinaanza wapi, na kwamba ndani kuna jambo linalofaa kungojewa. Mwingine ana herufi zote ishirini na kitu kichwani, lakini ukimpa kitabu anakitazama kama adhabu. Na maneno mengi anayoyajua mtoto ndiyo yanayomsaidia baadaye kuelewa anachokisoma, maana kutamka "mlingoti" bila kujua mlingoti ni nini hakujamfikisha.

KahawaTungu

Nimekusikia mwalimu. Cha herufi nanunua kwanza hata hivyo.

Mwl_Barani

Nunua. Kisha kaa naye 😄

Kadzo_Mld

Sisi Malindi tuna neema yetu. Waitaliano wakifunga nyumba zao kurudi makwao huacha vitu, na katika vitu hukosi vitabu vya watoto, vizuri, vigumu, rangi zake hata hazijapauka. Watu huviacha kwa sababu vimeandikwa Kiitaliano. Mimi huvichukua vyote. Naziba maneno kwa karatasi nyeupe na gundi ya unga, kisha nampa hawe, yaani bibi, atunge yetu. Siku za mwanzo alikuwa akiniuliza "hapa pameandikwaje?" nikamwambia hawe, hapa hapajaandikwa kitu, wewe ndiye mwenyewe.

Kimoja kina theluji mwanzo mwisho. Watoto wakauliza nani amemwaga unga wote huu. Hawe akasema si unga, ni chumvi ya Gongoni, imeanikwa, na yule mtoto mwenye koti kubwa ni wa bosi wa chumvi, ndio maana hafanyi kazi. Baadaye niliwaeleza theluji ni nini, wakasikiliza kwa heshima, wakarudi kwenye chumvi.

Na kabla ya kitabu chochote yeye ataanza na Paukwa, wao Pakawa. Hafungui jalada mpaka aitikiwe. Mdogo ambaye hajasema maneno mengi bado, hilo la Pakawa analo.

Ustadh_Jirani

Nina la kuuliza kwa nia njema. Vitabu vya msaada vinavyoletwa huku vingi vina nguruwe, anavaa suruali, anakula mezani na watoto wake. Wengine wenu pia wana wasiwasi juu ya picha za viumbe kwa jumla. Mnafanyaje?

MamaLangoni

Ustadh, la hukumu ya picha silisemi mimi, kila mtu ana masheikh wake wa kuwauliza. Nasema la nyumbani kwangu tu. Kitabu chenye jambo nisilolitaka sikileti, basi, kama nisivyoleta katuni kila aina. Vitabu havijaisha duniani. Na kwa anayetahadhari na picha za viumbe, kuna vya vyombo vya baharini, matunda, nyota, milango, mawimbi. Milango ya Lamu peke yake, na nakshi zake, ni kitabu kizima: mlango upi wa nani, nani yuko nyuma yake, sauti gani inatoka. Ukurasa mmoja mlango umefungwa, wa pili uko wazi kidogo, unaona kandambili tu.

Ustadh_Jirani

Hilo la milango limenikaa. Allah akuzidishie.

PembeniYaUkuta

Swali la wapi halijajibiwa bado. Nitoe ninavyovijua.

Vya bure: kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, mtandao wake ulifunguliwa 2014. Kenya ni mojawapo ya nchi walikoanzia. Hadithi fupi za picha, Kiswahili zimo kwa wingi, pamoja na lugha nyingine nyingi za Afrika. Leseni yake inakuruhusu kusoma, kupakua, kuchapisha, hata kubadilisha maneno na kutafsiri bila kumwomba mtu ruhusa, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Kuna pia StoryWeaver ya Pratham Books wa India, tangu 2015, imepangwa kwa ngazi 4. Ngazi ya kwanza ndiyo ya wadogo. Kiswahili nako kipo, na picha za Wahindi wale zina rangi ambazo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa: sari, maembe, ng'ombe njiani.

Vya kununua: usiishie kwa wachapishaji wa Nairobi. Tanzania wana Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa 1991 kwa sababu vitabu vya Kiswahili vya watoto vilikuwa haba mno, na umewezesha vingi kuchapishwa. Kuna pia mchoraji wao John Kilaka, anayechora kwa mtindo wa Tingatinga: wanyama wamevaa nguo, wako sokoni, wana samaki, wana fitina. Ukurasa wake mmoja unaweza kukaa nao jioni nzima.

Ukiwa Lamu, usisahau ndani ya Ngome. Palikuwa jela mpaka miaka ya 1980, pakageuzwa makumbusho na pakawekwa maktaba. Kwa udogo wangu mimi niliambiwa nisipofuata adabu nitapelekwa Ngomeni. Wanangu ndio wanaonivuta kwenda.

UmmuZuhra

Kwa nini msitumie simu tu? Hizo za bure zote zinafunguka kwenye simu. Mimi nampa anajisomea.

Mwl_Barani

Mama Zuhra, simu si haramu, lakini "anajisomea" ndipo tunapoachana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Ukisoma naye mkiwa wawili, simu mkononi mwako wewe, hadithi ile ile, naona hilo ni jambo jingine kabisa. Tatizo ni kwamba simu ina vitu vingine vinavyomwita, na karatasi haina.

Na kwa kichanga kabisa, anaona vizuri vitu vilivyo sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, yaani pale pale ulipo uso wako ukimpakata. Mchoree maumbo makubwa meusi kwenye karatasi nyeupe, mwezi, samaki, mtungi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani tangu 2014 kinawashauri wazazi wasome na watoto tangu kuzaliwa. Hataelewa hadithi. Sauti anaielewa.

UmmuZuhra

Sawa mwalimu. Ila kwa kweli nikirudi kutoka kazini nimechoka, simu ndiyo yaya.

Kadzo_Mld

Hapo pole dada, sote tupo. Kurasa tatu kabla ya kulala, usimalize kitabu. Hakuna polisi wa kitabu.

MamaLangoni

Narudi kwa PembeniYaUkuta na hilo la leseni, maana watu wamelipita. Ukiruhusiwa kubadilisha maneno, basi unaweza kuyaweka yanavyosemwa nyumbani kwako. Mimi hadithi nikiichapisha huandika kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, shule watampa sanifu, hawamnyimi. Na kwa wale wenye wazee wa hati ya Kiarabu, nimeacha mstari mtupu chini ya kila picha, mama mkwe akaandika yake kwa kalamu. Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, alitunga utenzi wa kumwachia binti yake, mwaka 1858, kwa hati hiyo hiyo. Bibi kumwandikia mjukuu si jambo geni upande huu.

Na la mahali pa kuviweka. Nyumba zetu za mawe zina zidaka, yale mashubaka ya ukutani, zinapendeza, na kila mgeni anaweka vitabu huko juu. Mtoto hafiki. Vyake vikae chini, kwenye kikapu cha ukindu karibu na mkeka. Vitachanika, ndiyo. Isipokuwa msivisukumize ukutani, kuta za matumbawe zinavuta unyevu na wakati wa mvua utakuta ukungu mweusi kwenye jalada. Hata hao wadudu wa rangi ya fedha wanapenda gundi ya vitabu kuliko sisi tunavyopenda hadithi.

Nahodha_Mstaafu

Ngamia walianza kubeba vitabu Garissa 1996, mradi wa maktaba ya taifa. Lamu hii punda wote hawa wanabeba mawe na saruji tu. Nimemaliza.

Mwl_Barani

Mzee wangu 😂 umetoa wazo na ukakaa.

Wacha niwaeleze tulichofanya darasani, labda kitawafaa nyumbani. Kuna kisa cha Malindi ambacho ukikitazama ni kitabu cha picha kilicho tayari: mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa China kwa mfalme Yongle, zama zile za majahazi makubwa ya nahodha mkuu wao Zheng He, na kule wakamchukulia kuwa ni qilin, mnyama wao wa heri. Nikawasimulia hivyo tu, maneno machache. Nikawauliza: twiga anaingiaje chomboni? Shingo inakaa wapi? Anakula nini katikati ya bahari? Nani anazoa mavi? Hili la mwisho ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo lenye michoro mingi.

Kila mtoto akachora ukurasa mmoja, mimi nikaandika chini yake maneno yake mwenyewe, bila kuyasahihisha. Mmoja shingo haikutosha kwenye karatasi, akalia. Nikaigeuza karatasi wima. Basi kitabu chetu unakisoma kikiwa kimelala, ukifika pale unakisimamisha, shingo inapanda kurasa mbili, kisha unakilaza tena. Wachoraji wa kulipwa hutumia ujanja huo huo.

Siku ya wazazi, vitabu vya mtaala vilikaa mezani, hiki ndicho kilichogombewa. Baba mmoja mvuvi, mtu wa maneno machache, alikisoma chote kwa sauti, kisha akamsahihisha mchoraji jinsi tanga linavyofungwa. Wakajadiliana yeye na mtoto wake wa miaka 5, kila mmoja na hoja zake.

Na mada ziko pale pale. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, mwenye kujua majina ya samaki ni babu, mchoraji ni mjukuu. Vipepeo wa Gede nao wanafugwa na wanavijiji wa kando ya msitu tangu 1993, mtoto anaweza kwenda kuwaona wakiwa bado ni viwavi.

UmmuZuhra

Mwalimu, mliunganishaje kurasa? Niliwahi kutengeneza cha stepla, baada ya miezi kidogo pini zikaota kutu na karatasi ikawa na madoa.

FundiJalada

Hapo ni kwangu. Pwani usitumie pini ya chuma, hewa ya chumvi haina rafiki. Tumia sindano na uzi.

Chukua A4, ikunje katikati, unapata kurasa 4. Karatasi nne zikiingizwa moja ndani ya nyingine ni kurasa 16, zinatosha hadithi ya picha 12, jina la kitabu na nafasi ya majina ya wachoraji. Jalada weka karatasi ngumu ya maboksi, au manila. Kabla ya kuchapisha, fanya moja ya mfano tupu uandike namba za kurasa kwa penseli, maana ukifungua utakuta ukurasa 1 uko karatasi moja na wa 16. Wengi hukosea hapo wakaharibu wino wa rangi, na rangi kwenye saiba si bei ya nyeusi.

Toboa tundu tatu kwenye mkunjo: kati, juu, chini. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, acha mkia wa uzi ndani. Rudi ndani kwa tundu la juu. Shuka ndani, ruka la kati, toka nje kwa la chini. Rudi ndani kwa la kati. Sasa una mikia miwili ndani na uzi mrefu umepita katikati yao. Hakikisha mkia mmoja uko kulia kwake na mwingine kushoto, funga fundo juu yake. Basi. Anayejua kushona kofia hili kwake ni la kufumba macho.

Kwa wa chini ya miaka 2 karatasi haimfai, ataila. Bandika picha kwenye vipande vya boksi, zungushia utepe mpana wa plastiki wenye gundi pembeni zote ili mate yasiingie, ukate ncha ziwe duara, uunganishe kwa kamba kupitia tundu kubwa. Au kitambaa: kipande cha kanga kuukuu, kila ukurasa ua moja au ndege mmoja aliyekatwa humo humo. Kikichafuka kinafuliwa.

MamaLangoni

Kitambaa! Kanga zangu zote kuukuu zimepata kazi.

Bahari_Shwari

Swali la wenye uzoefu. Mtoto anataka kitabu kile kile kila usiku. Nimeshakirekodi upya mara chungu nzima, nimekichoka mimi. Nikimletea kingine analia.

Mwl_Barani

Mwache nacho. Anakaza maneno, na kila mara anaona kitu ambacho jana hakukiona. Ukitaka kupumua, geuza kazi: yeye arekodi, wewe usikilize na ugeuze kurasa za nakala yako huko Mombasa.

Bahari_Shwari

Nimejaribu jana usiku. Amegonga meza mpaka mamake akamwambia inatosha. Na kuna ukurasa ameuruka makusudi, ule wa papa.

UmmuZuhra

@FundiJalada uzi wa aina gani? Ninao wa nailoni wa nyavu.

FundiJalada

La, huo unakata karatasi kwenye mkunjo. Wa pamba, mnene kidogo, uupake nta ya mshumaa kwanza. Na tundu usitoboe kwa sindano yenyewe, tumia msumari mdogo juu ya kibao, zitakaa sawa.

UmmuZuhra

Haya. Nta ninayo, kibao cha kukatia vitunguu kitatosha.